Wakala wa fasihi: anachokitafuta kwenye mswada wa riwaya, na kama huduma yake inafaa asilimia 15

Wakala wa fasihi ni dalali wa haki za vitabu. Anachukua mswada wa mwandishi, anaupeleka kwa wahariri wa mashirika ya uchapishaji, anapatana bei, anasimamia mkataba, na kila fedha inayoingia anakata fungu lake: kwa kawaida asilimia 15 kwa mauzo ya soko la nyumbani, na asilimia 20 kwa tafsiri na masoko ya nje, ambako mara nyingi hugawana na wakala mwenza wa nchi husika. Mswada usipouzika, hapati hata senti.

Tathmini hii ni ya huduma hiyo kama inavyopatikana Marekani na Uingereza, ambako wachapishaji wakubwa karibu wote hawapokei riwaya isiyopitia kwa wakala. Ukishaingia ndani, huduma ni nzuri na bei yake ni ya haki. Shida iko mlangoni: kila wakala ana maelekezo yake, majibu yanachelewa au hayaji kabisa, na anayekataliwa ni nadra kuambiwa amekosea wapi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inabaki hapo mlangoni, kwenye kile wakala anachokitazama na mahali anapoacha kusoma.

Tuanze na kifurushi. Marekani wengi wanataka barua ya maombi ya maneno 250 hadi 350 pamoja na kurasa 5 au 10 za mwanzo, zilizobandikwa ndani ya barua pepe yenyewe au kwenye fomu ya mtandaoni. Wakisema hawataki viambatisho, wana maana hiyo. Faili lililoambatishwa kinyume cha maelekezo hufutwa bila kufunguliwa. Uingereza desturi ni barua, muhtasari wa ukurasa mmoja, na sura tatu za mwanzo au maneno kama 10,000. Sura tatu za mwanzo ni sura ya 1, ya 2 na ya 3. Wapo wanaotuma ya 4, ya 11 na ya 20 kwa hoja kwamba ndizo zilizowanyookea zaidi, na hapo wanakuwa wamemtangazia wakala kwamba sura ya kwanza haifai. Mpangilio wenyewe hauna siri: herufi za kawaida kama Times New Roman, ukubwa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.5, kurasa zenye namba, na jina la faili lenye jina lako na la riwaya. Faili linaloitwa "riwaya mpya ya mwisho kabisa 3" linachekesha, lakini wakala akilipakua kati ya mafaili mia halipatikani tena.

Riwaya iwe imekamilika. Kitabu kisicho cha kubuni kinaweza kuuzwa kwa pendekezo na sura chache. Riwaya ya mwandishi mpya haiuzwi hivyo, kwa sababu hakuna anayejua kama atamudu kuimaliza. Wakala akivutiwa leo ataomba mswada mzima leo.

Halafu kuna idadi ya maneno, ambayo husomwa kabla ya kitu kingine chochote. Riwaya ya watu wazima hutarajiwa kuwa kati ya maneno 80,000 na 100,000. Fantasia na riwaya za kisayansi huvumiliwa hadi 120,000 hivi, za vijana hukaa chini kidogo ya zile za watu wazima, na za watoto wa miaka 8 hadi 12 mara nyingi ni kati ya 30,000 na 50,000. Mwandishi mpya akiandika kwenye barua kwamba riwaya yake ina maneno 210,000, wakala anaona mambo mawili kwa mpigo: gharama ya karatasi na uchapaji itakayompa mhariri sababu ya kukataa, na mtu ambaye hajawahi kukaa na kalamu nyekundu akakata. Maneno 45,000 nayo yana tatizo lake, maana kitabu cha watu wazima cha urefu huo ni chembamba kuliko bei ambayo duka linataka kukiuzia.

Barua ndiyo inayowaponza wengi. Wakala anaisoma akijiuliza jambo moja: je, maneno haya naweza kuyachukua yalivyo nikamwambia mhariri kwa simu? Ikibidi ayatafsiri kwanza, barua imeshindwa. Tuchukue mfano wa riwaya ya kubuni kuhusu mhasibu wa bandari. Hivi ndivyo inavyoelezwa kwenye barua nyingi:

"Riwaya yangu inahusu mapenzi, usaliti na nguvu ya familia. Mhusika mkuu analazimika kukabiliana na siri za zamani na kujitafuta upya."

Hakuna uongo hapo, ila maelezo hayo yanatosha riwaya elfu moja. Sasa ileile ikiwekewa watu na vitu:

"Tausi ni mhasibu wa bandari. Kila mwezi linaingia kontena moja lenye jina la baba yake, aliyezikwa miaka sita iliyopita, na ushuru wake umelipwa. Akiripoti, mama yake anapoteza nyumba anayoamini ameachiwa na mumewe. Akinyamaza, sahihi inayofuata kwenye hati za forodha itakuwa ya kwake."

Maneno 42. Tunajua ni nani, kimemtokea nini, na kwamba kila njia ina gharama. Angalia sentensi mbili za mwisho: zote zinaanza na kitendo cha Tausi. Wakala anamtafuta mhusika anayechagua, kwa kuwa mhusika anayetendewa tu huwa mzito kumbeba kwa kurasa 300. Zaidi ya hapo barua haihitaji kusimulia. Ikomee kwenye theluthi ya kwanza ya kisa, au nusu ikizidi sana. Majina ya wahusika yasizidi matatu. Masuala ya dhamira, kwamba riwaya inatufundisha nini kuhusu maisha, yaachwe kabisa. Dhamira huonekana kwenye kisa, na mwandishi anayeanza kuieleza anatia shaka kwamba kisa hakiionyeshi.

Kwenye barua hiyohiyo wakala anatarajia vitabu viwili vya kulinganisha. Hapa ushauri mwingi unaozunguka ni mbovu. Kulinganisha hakufanywi ili kujisifu. Kunamwambia wakala kitabu kitawekwa rafu gani na msomaji wake ni nani. Kwa hiyo viwe vya miaka mitatu hadi mitano iliyopita, vya utanzu uleule na wa rika lilelile la wasomaji, na visiwe vile vilivyouzwa kwa mamilioni, kwa sababu hivyo havithibitishi chochote. Filamu moja inaweza kuchukua nafasi ya kitabu kimoja, si vyote viwili. Anayesema hakuna kitabu kama chake sokoni anaeleweka hivi: huyu hasomi. Bora kueleza mfanano wenyewe, kwa mfano kwamba riwaya yako ina mwendo wa taratibu wa kitabu fulani na mazingira ya kazi ya kingine.

Wasifu wako ni sentensi mbili. Kazi inayohusiana na riwaya itajwe. Tuzo au hadithi fupi iliyochapishwa itajwe. Kama hakuna, nyamaza na usiombe radhi kwa kuwa mpya. Mawakala wapya humpenda mwandishi mpya, kwani hana rekodi ya mauzo mabaya ya kumvuta nyuma. Mawakala wengi sasa wanauliza pia kama akili mnemba imetumika kuandika mswada. Jibu ukweli: mkataba wa mchapishaji unaweza kukutaka uthibitishe kwa sahihi kwamba kazi ni yako.

Baada ya barua zinakuja kurasa tano. Hapa ndipo mbivu na mbichi hujulikana, na wapo mawakala wanaoanza nazo kabla ya barua.

Wanachokiita sauti kinawatesa waandishi kwa sababu hakielezeki kirahisi, ingawa kukionyesha ni rahisi. Tausi yuleyule, ukurasa wa kwanza:

"Mionzi ya jua la asubuhi ilipenya dirishani na kumgusa Tausi usoni. Alifumbua macho taratibu, akajinyoosha, akakumbuka kwamba leo ni Jumatatu. Alikuwa msichana mwembamba mwenye macho makubwa aliyoyarithi kwa marehemu baba yake."

Na hivi:

"Kontena la marehemu lilifika Jumanne, kama kawaida yake, na hati zote zilikuwa safi kuliko za walio hai."

Kipande cha kwanza kina Kiswahili safi na hakina kosa la sarufi. Lakini jua, dirisha, kujinyoosha na macho makubwa ni mali ya kila mtu. Sentensi ya pili inaanza mahali ambapo kazi ya kila siku imegongana na jambo lisilowezekana, na ina mtu ndani yake: kuna anayetazama hati hizo kwa jicho la mhasibu na kejeli kidogo. Neno "kama kawaida yake" peke yake limebeba miezi kadhaa ya historia bila kurudi nyuma kuisimulia. Wakala akikutana na sentensi ya namna hiyo husoma ya pili, na ya tatu, na hicho ndicho anachokitafuta: sababu ya kuendelea.

Yanayomfanya aache yanajulikana, na yanarudiwa kila wiki. Mhusika anaamka. Tukio linasimuliwa kwa ukurasa mzima kisha linageuka kuwa ndoto. Dibaji ya miaka ishirini kabla, yenye mtu asiyetajwa jina anayekimbizwa gizani. Mhusika anajitazama kwenye kioo ili tumjue sura. Majina sita kwenye aya mbili. Mazungumzo ya watu wanaoambiana wanachokijua, mtindo wa "kama unavyokumbuka, dada, baba yetu alifariki miaka sita iliyopita". Msimulizi anayeruka kutoka kichwa cha mhusika mmoja kwenda cha mwingine ndani ya onyesho moja, hadi msomaji hajui amekaa upande gani.

Kosa kubwa kuliko hayo yote ni historia ya nyuma kuingia mapema. Kwa kawaida huja kwenye ukurasa wa pili au wa tatu: tukio limeanza vizuri, kisha mwandishi anashikwa na hofu kwamba msomaji hataelewa, anasimamisha kila kitu na kueleza utoto wa mhusika. Kuna njia ya kulikamata kosa hili kabla ya kutuma. Chapisha kurasa tano, chukua penseli, pigia mstari kila sentensi inayoeleza jambo lililotokea kabla ya siku ambayo kisa kinaanza. Mistari ikizidi robo ya ukurasa wowote, ukurasa huo umekufa. Hamisha maelezo hayo hadi sura ya tatu au ya nne, kisha soma upya uone ni kiasi gani hasa kinakosekana. Mara nyingi ni sentensi moja.

Tanzu zina masharti yake, na wakala wa utanzu fulani anayajua kuliko wewe. Riwaya ya mapenzi lazima wapenzi waishie pamoja. Wakiachana inauzwa kama kitu kingine. Ya upelelezi inatakiwa kuonyesha kosa au kifo mapema. Ya fantasia ianze na mtu mwenye haja, sheria za ulimwengu wake zije kwa matendo. Riwaya za kifasihi hupewa nafasi ya kwenda taratibu, lakini sentensi zake hupimwa kwa mizani kali zaidi.

Muhtasari tuupitie haraka: ukurasa mmoja, maneno 500 hivi, nafsi ya tatu, wakati uliopo, na mwisho wa kisa uandikwe wazi. Kuficha mwisho ili kumtamanisha wakala ni kosa. Anausoma kuangalia kama sababu inazaa matokeo hadi mwisho au kama mambo yanatokea kwa bahati.

Wakala akiomba mswada mzima, mtihani unabadilika. Sura tatu za mwanzo zimepigwa msasa mwaka mzima, zimepita kwenye vikundi vya waandishi na mashindano. Kuanzia hapo msasa unapungua, na hulegea hasa katikati, ambako mhusika ameacha kuchagua na anapelekwa na matukio. Kipimo chake ni cha kuchosha lakini kinafanya kazi: kwa kila onyesho andika mstari mmoja unaosema ni nini kimebadilika kati ya mwanzo na mwisho wake. Maonyesho mawili yakifuatana bila badiliko, moja liondoke. Wakala mzuri akiipenda riwaya yenye kasoro ya aina hii anaweza kuomba uirekebishe na kuituma tena bila ahadi yoyote. Ikubali kazi hiyo iwapo maelekezo yake yanaifanya riwaya iwe ile uliyotaka kuiandika. Kama yanaigeuza kuwa riwaya nyingine, mshukuru uendelee na wengine.

Kutuma kwenyewe kufanywe kwa makundi ya mawakala 5 hadi 8. Kutuma kwa wengi kwa pamoja kunakubalika, mradi awe wakala mmoja tu kwa kila kampuni ya mawakala kwa wakati mmoja, kwani kampuni nyingi huchukulia "hapana" ya mmoja kuwa ya wote. Faida ya makundi ni kwamba majibu yenyewe yanakuonyesha penye ugonjwa. Kama mawakala kumi na tano hawakuomba kitu, tatizo liko kwenye barua, urefu au kurasa za mwanzo. Kama wanaomba mswada mzima kisha wanakataa, barua iache, tatizo liko ndani. Aliyewatumia mawakala 60 siku moja ameteketeza nafasi zote kabla ya kulijua hilo.

Vyombo vya kusaidia vipo. QueryTracker ni orodha ya mawakala yenye kumbukumbu za muda wanaochukua kujibu. Toleo la bure linatosha wengi, na la kulipia ni dola 25 kwa mwaka. Fomu za QueryManager, ambazo mawakala wengi wanazitumia kupokea maombi, zinatoka kwa watu haohao. Publishers Marketplace ni dola 25 kwa mwezi na inaonyesha nani aliuza nini kwa nani, ingawa mauzo yanaripotiwa na mawakala wenyewe. Jisajili mwezi mmoja, kusanya unachohitaji, jiondoe. Manuscript Wish List ni tovuti inayoonyesha kile mawakala wanachosema wanakitaka. Isomwe kwa tahadhari: wakala anayesema anatamani hadithi za majini leo atakuwa amezipokea mia mbili ifikapo wiki ijayo.

Ukimya ndio alama mbaya kuliko zote kwenye huduma hii. Wengi hutangaza kwamba usiposikia ndani ya wiki 6, 8 au 12 ujue ni hapana. Wanaeleza kwamba barua ni nyingi, na hilo ni kweli, lakini fomu za siku hizi zinawezesha kutuma jibu la hapana kwa kubofya mara moja, hivyo utetezi huo umepungua nguvu. Kwenye mswada mzima ulioombwa, ukimya hauna utetezi wowote. Kumbusha kwa heshima baada ya miezi mitatu, halafu fuatilia wengine.

Upande wa ndani hesabu ni hii. Tuseme riwaya imeuzwa kwa malipo ya awali ya dola 30,000 katika mafungu matatu: kusaini, kukubaliwa kwa mswada uliohaririwa, na kuchapishwa. Kila fungu ni dola 10,000; wakala anachukua 1,500, wewe 8,500 kabla ya kodi, na kati ya fungu la kwanza na la tatu inaweza kupita miaka miwili. Thamani ya wakala iko kwenye yale asiyoyauza. Akizizuia haki za tafsiri, kitabu cha kusikiliza na filamu zisiingie kwenye mkataba wa kwanza, zinaweza kuuzwa moja moja. Akipata wahariri wawili wanaoitaka riwaya, anaitisha mnada. Mwandishi aliye peke yake mara chache hujua kwamba vipengele hivyo vinajadilika.

Wakala wa kweli haombi fedha ya kusoma mswada. Kanuni za chama cha mawakala cha Marekani, AALA, zinakataza ada hiyo. Matapeli siku hizi wanatumia majina ya mawakala halisi: barua pepe inakuja yenyewe, inakisifia kitabu chako kwa maneno matamu, kisha inadai ada ya uhariri, leseni au "kukitayarisha kwa filamu". Linganisha anwani iliyotumika na ile iliyo kwenye tovuti ya kampuni, herufi kwa herufi, halafu tafuta jina kwenye Writer Beware, tovuti ya kuwatahadharisha waandishi dhidi ya matapeli, ambayo ni bure.

Simu ya kukubaliwa ikija, usiseme ndiyo papo hapo. Desturi ni kuomba wiki mbili na kuwaarifu mawakala wengine wenye mswada wako. Waliokuwa kimya miezi minne watajibu siku hiyohiyo. Muulize atawapelekea wahariri wangapi kwa awamu ya kwanza, anataka marekebisho gani, na riwaya isipouzika mtafanya nini, maana hata mawakala wazuri hubaki na riwaya zisizouzika. Kwenye mkataba wake tafuta vipengele viwili: notisi ya kuachana, ambayo siku 30 au 60 inatosha, na muda ambao ataendelea kukata asilimia kwa wachapishaji aliokwisha kuwapelekea mswada baada ya kuachana. Vitabu alivyokwisha kuviuza ataendelea kukata humo maadamu mikataba ile ingali hai, na hilo ni la kawaida. Kipengele kinachompa asilimia ya kila utakachoandika baadaye, awe amekiuza au hakukiuza, kifutwe kabla ya sahihi.